Mlango, usukani na wengu: kisa cha mwendesha baiskeli aliyesema yuko salama

Kila aliyekuwepo alimwona akinyanyuka mwenyewe, na hilo ndilo lililomponza. Alijikung'uta suruali, akaiinua baiskeli, akamtuliza mama aliyekuwa amefungua mlango wa gari na sasa ameshika mdomo kwa hofu: "Usijali mama, niko salama." Saa 62 baadaye alianguka tena, safari hii chumbani kwake, hakuna gari wala baiskeli, akiwa na karibu lita moja na nusu ya damu iliyomwagika tumboni.

Nimekisuka kisa hiki kwa ajili ya kufundishia. Mwanamume wa miaka 36 ninayemweleza si mtu mmoja unayeweza kumtafuta ukampata; ni visa vya aina moja vilivyotiwa ndani ya ngozi moja. Lakini yote yanayompata yanafuata njia ambayo majeraha haya hufuata kweli. Nataka tukipitie polepole, hasa pale ambapo watu makini na wenye nia njema walipita bila kuona kitu.

Chini ya sekunde moja

Ilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, jua bado lipo, lami kavu. Barabara ni ya kuendesha kushoto, na magari yameegeshwa kwa mstari upande huohuo. Mwendesha baiskeli anakwenda kilomita 20 kwa saa hivi, mwendo wa mtu anayerudi kutoka kazini bila haraka. Gurudumu lake linapita sentimita 80 kutoka kwenye ubavu wa magari hayo. Siku nyingine hujitenga zaidi, ila jioni hii nyuma yake kuna gari linalopiga honi, akasogea kuliachia nafasi. Wanaoendesha baiskeli wanaijua hesabu hiyo: unakiogopa kinachopiga kelele nyuma, unajibanza kwenye kilichonyamaza pembeni.

Mlango wa gari dogo ukifunguliwa wote hutoka nje karibu mita moja. Usukani wa baiskeli yake una upana wa sentimita 60, kwa hiyo ncha ya kushoto inatokeza sentimita 30 nje ya mstari wa gurudumu. Kati ya ncha hiyo na gari zinabaki sentimita 50. Mlango haukuhitaji kufunguka wote; nusu ilitosha.

Ulipoanza kufunguka, yeye alikuwa mita nne nyuma. Kwa mwendo wake alikuwa akimaliza mita 5.6 kila sekunde, kwa hiyo alibakiwa na sehemu saba tu za kumi za sekunde. Mtu aliye macho kabisa huhitaji karibu sekunde nzima kuona, kuelewa na kubana breki. Kwa hiyo lile swali ambalo majeruhi wa namna hii huulizwa na kila shemeji, "Kwa nini hukufunga breki?", halina nafasi hapa. Asingeziwahi hata zingekuwa mpya kutoka dukani.

Ncha ya kushoto ya usukani ikanasa kwenye ukingo wa mlango. Ncha ilisimama, lakini baiskeli na mtu wake hawakusimama. Usukani ukapinda ghafla kuelekea kushoto, na ncha ileile iliyonaswa ikarudi nyuma ikamkabili mwenye baiskeli, naye akaijia tumbo mbele kwa mwendo aliokuwa nao. Kisha mwili ukazunguka hapo kama bawaba na kutupwa upande wa pili, katikati ya njia ya magari. Lile gari la honi lilisimama kwa wakati. Lingechelewa kidogo tu, kisa hiki kingekuwa kifupi zaidi na kingeandikwa na watu wengine.

Aliangukia upande wa kulia. Shika hilo, tutalihitaji.

Mtu na baiskeli yake wenye uzito wa kilo 85 kwa pamoja, katika mwendo huo, wanabeba nishati ya jouli 1,300 hivi. Ni kama kudondoka kutoka urefu wa mita moja na nusu na ushee. Si urefu wa kutisha. Watoto huruka kutoka juu ya ukuta wa namna hiyo wakicheza. Kinachotisha ni eneo ambalo nguvu inapitia. Anayeanguka kwa mgongo anaitawanya nguvu kwenye mgongo mzima. Bomba la usukani lina upana wa sentimita mbili na kidogo, na raba ya mshikio ikiwa nzima huongeza kama sentimita moja. Si nishati yote ya jioni ile iliyopita kwenye duara hilo dogo, ila sehemu iliyopita ilitosha. Ngozi ya tumbo hunyumbuka, ikaingia ndani na kurudi mahali pake bila kuchanika. Kilichoko nyuma yake hakina unyumbufu huo.

Faili la kwanza

Saa moja baadaye alikuwa mbele ya tabibu wa zamu katika kituo cha afya. Hakupelekwa na gari la wagonjwa. Alilikataa, akaenda kwa miguu huku akiikokota baiskeli, kwa kuwa gurudumu lilikuwa likisugua fremu. Kilichoandikwa kwenye faili lake ni hiki: "Ameanguka na baiskeli. Jeraha kiwiko cha kulia. Hajapoteza fahamu. Alivaa kofia ngumu."

Kila neno ni kweli. Ndiyo sababu sentensi hizo ni mbaya sana.

Kichwa kilichunguzwa vizuri kuliko kitu kingine chochote. Alipimwa kwa kipimo cha fahamu cha Glasgow, kile ambacho Graham Teasdale na Bryan Jennett walikichapisha mwaka 1974, akapata 15, alama ya juu kabisa. Aliulizwa tarehe, akaangaliwa mboni za macho, shingo ikapapaswa. Kisha kofia yenyewe ikageuzwageuzwa mikononi na kusifiwa: "Kaka, hii ndiyo iliyokuokoa." Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Haikugusa chini. Mimi ni mtetezi wa kofia hizi. Kiwango cha Ulaya, EN 1078, huzijaribu kwa mgongano wa mita 5.42 kwa sekunde kwenye chuma bapa, na huo karibu ndio mwendo aliokuwa nao jamaa huyu. Lakini kofia inalinda kichwa peke yake, na jioni ile ilifanya kazi ambayo haikutumwa: iliwashawishi watu wote chumbani kwamba swali la hatari lilikuwa la kichwa, na kwamba limekwisha kujibiwa.

Kiwiko kilishonwa nyuzi nne. Kiganja na bega la kulia vilipigwa eksirei, mifupa mizima. Mapigo ya moyo 88 kwa dakika, presha 124 kwa 78. Shati halikuvuliwa, lilikunjwa mkono mmoja tu. Aliandikiwa ibuprofeni akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Sitaki kumtupia mawe tabibu huyo. Mgonjwa alikuwa anaongea, anacheka, anatembea, na foleni nje ilikuwa ndefu. Aliulizwa "nini kimetokea?" akajibu kama wengi wanavyojibu, kwa kueleza mwisho wa tukio: "Nilianguka." Mtu anakumbuka lami kwa sababu lami ndiyo iliyomchuna. Kile kishindo cha tumboni kilikuwa cha chini ya nusu sekunde, kikafunikwa na mengine yote. Angeulizwa "kabla hujaanguka, uligongwa na nini, au ulikigonga nini, na kwa sehemu gani ya mwili?" pengine angeweka mkono chini ya mbavu za kushoto, akashangaa mwenyewe kuukuta hapo.

Ibuprofeni nayo ina lake. Dawa za kundi hilo hupunguza uwezo wa chembe sahani kugandisha damu. Siwezi kusema ndiyo iliyomharibia; nasema tu kwamba kwa mtu ambaye hujajua kama anavuja ndani, parasetamoli ingekuwa chaguo la busara zaidi.

Bega lisilouma likibonyezwa

Usiku huo alilala vizuri. Siku ya pili hakuwa na hamu ya kula, akasema ni mshtuko. Jioni alilalamika bega linamvuta akilala chali, na akiketi linapoa. Mke wake akaleta mafuta, akaanza kulikanda. "Baba, hapa panauma?" Hapana. "Na hapa?" Hapana. Alilikanda lote, kuanzia shingoni hadi kwenye mtulinga, akalizungusha kama fundi anayejaribu bawaba. Lilizunguka bila shida. Likabaki kuuma vilevile.

Lilikuwa bega la kushoto.

Hapa ndipo ningependa msomaji asimame kidogo. Mtu kaangukia kulia. Kiwiko kilichochunika ni cha kulia, kiuno kilichovilia damu ni cha kulia. Bega la kushoto halina mchubuko, halijavimba, halina mahali pa kubonyeza likajibu, linazunguka lote, na linauma zaidi mwenyewe akilala. Bega lililoteguka haliko hivyo. Bega la namna hii linapokea maumivu ya mahali pengine.

Chini ya mapafu kuna kiwambo, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Neva inayokihudumia hutoka juu shingoni, kwenye mizizi ya tatu hadi ya tano, na mizizi hiyohiyo inapokea hisia za ngozi ya juu ya bega. Damu ikimwagika tumboni na kukigusa kiwambo upande wa kushoto, ubongo unapokea taarifa kutoka kwenye waya unaotumiwa na nyumba mbili, na unakisia nyumba isiyo sahihi. Akilala chali damu inatiririka kuelekea kiwambo, na maumivu yanazidi, akiketi inashuka. Madaktari huiita dalili ya Kehr, kwa jina la mpasuaji wa Kijerumani Hans Kehr. Haijitokezi kwa kila mgonjwa, lakini ikijitokeza kwa mtu aliyepigwa upande wa kushoto, ni vigumu kuipa maelezo mengine yanayoridhisha.

Siku ya tatu alikwenda kazini. Alipanda ngazi akasimama katikati kupumzika, jambo ambalo hakuwa amezoea. Wenzake wakampa pole, wakamwambia mwili ukiteguka huchosha.

Saa ya 62

Asubuhi ya siku ya nne aliinama kufunga kamba za viatu. Alisikia kitu kama kinaachia chini ya mbavu, si maumivu makali, "kama kifungo kimekatika" ndivyo alivyosema baadaye. Jasho likamtoka, macho yakaingia giza, akaenda chini.

Alifika hospitali amelazwa, ngozi ya baridi na midomo imepauka. Mapigo 118. Anapumua mara 24 kwa dakika. Presha 102 kwa 84, na hapa pana mtego unaowanasa hata wazoefu: mtu anaiona 102 anasema si mbaya. Kitazame kile kipande cha kati, tofauti ya namba ya juu na ya chini. Jioni ya kwanza ilikuwa 46. Sasa ni 18. Mishipa imejikaza kwa nguvu zake zote ili presha isianguke, na moyo unapiga haraka ukiwa na kidogo cha kusukuma. Mtu mzima wa kilo 70 ana damu lita tano hivi. Kijana mwenye afya anaweza kupoteza karibu theluthi ya hiyo huku namba ya juu ikijifanya kuwa nzuri, halafu inaporomoka kwa mpigo.

Daktari wa zamu alimvua shati. Chini ya mbavu za kushoto, vidole vitatu kutoka ukingoni, palikuwa na duara. Halikuwa jeraha la kutisha: mviringo wa rangi ya zambarau iliyoanza kuwa ya manjano, mkubwa kama kizibo cha chupa, ukingo wake mweusi kuliko katikati. Ukiligusa tumbo hapo lilikaza.

Ultrasaundi ya haraka, ile inayoitwa FAST, hutafuta kimiminika katika sehemu nne: kati ya ini na figo la kulia, kati ya wengu na figo la kushoto, kwenye nyonga na kuzunguka moyo. Tatu za kwanza zilikuwa na damu. Mirija miwili minene ikawekwa mikononi, sampuli ikakimbizwa benki ya damu, maji ya dripu yakapimwa kwa mkono wa bahili maana kumjaza mtu anayevuja maji ya chumvi ni kuipunguzia damu iliyobaki nguvu ya kuganda. Likaja swali la kumpa dawa ya tranexamiki, inayosaidia damu iliyoganda isiyeyuke. Jaribio la CRASH-2 la mwaka 2010 lilionyesha inaokoa maisha ya majeruhi wanaovuja damu, na uchambuzi uliofuata mwaka 2011 ukaonyesha faida hiyo ipo ndani ya saa tatu tangu kuumia, na baada ya hapo inaweza kudhuru. Aliumia saa 62 zilizopita lakini alianza kumwagika upya dakika arobaini zilizopita. Saa ipi ihesabiwe? Walimuacha bila hiyo dawa. Ningefanya vivyo hivyo, ila nisingemlaumu aliyeona tofauti.

Alipopata uniti mbili za damu mapigo yakashuka hadi 96, akaweza kupelekwa kwenye skani ya CT. Wengu, ambao wengine huuita bandama, ulikuwa na mpasuko wa kina cha zaidi ya sentimita tatu: daraja la tatu kati ya matano. Ini zima, figo nzima, kongosho halikuonyesha kasoro.

Kiungo hiki kinakaa nyuma ya mbavu za tisa hadi za kumi na moja upande wa kushoto, kina uzito wa gramu 150 hivi, laini kama sifongo iliyolowa, na kimefunikwa kwa gamba jembamba. Gamba hilo ndilo ufunguo wa kisa kizima. Jioni ya kwanza ncha ya usukani ilipasua nyama ya wengu lakini gamba likashikilia kwa sehemu kubwa. Damu ikakusanyika chini yake, ikivuja kidogo kidogo, ikalivimbisha kama puto kwa siku mbili. Ile iliyopenya ndiyo iliyosumbua bega. Kisha asubuhi ya siku ya nne, kwa kuinama tu, likapasuka. Kupasuka kwa wengu kunakotokea baada ya saa 48 kumeandikwa vitabuni tangu zamani kama kupasuka kwa kuchelewa, ingawa neno hilo linatupendelea sisi waganga. Mara nyingi kilichochelewa ni kugundua.

Wengu wa daraja la tatu kwa mgonjwa aliyetulia si lazima utolewe. Wengi hulazwa, wakapimwa kila baada ya muda mfupi, wakapona nao. Kukiwa na mtaalamu na vifaa, mshipa unaoulisha unaweza kuzibwa kwa koili ndogo zinazoingizwa kupitia kinena. Hapa mtaalamu huyo hakuwepo. Walimweka kwenye uangalizi wa karibu, mapigo yakiandikwa kila dakika 15. Saa tano usiku yakapanda hadi 124 baada ya uniti ya tatu, na tumbo likaanza kujaa. Akaingia chumba cha upasuaji, wengu ukatolewa. Kabla ya kumfunga, mpasuaji alikagua mkia wa kongosho na kiwambo kwa vidole na kwa macho, kwa kuwa vyote viwili ni majirani wa wengu na ncha ya usukani haibagui. Kongosho hasa linaweza kupasuka na skani ya mapema isionyeshe.

Picha iliyokuwa kwenye simu

Siku ya pili baada ya upasuaji daktari wa wodi alimuuliza baiskeli iko wapi. Jamaa akasema iko kwa fundi, lakini picha ninayo. Alikuwa amezipiga palepale barabarani, tano, kwa ajili ya kudai gharama za matengenezo.

Picha ya tatu ndiyo yenye kisa. Gurudumu la mbele limenyooka na usukani umegeuka karibu robo ya duara, umezunguka kwenye shina lake. Wenzo wa breki ya kushoto umepinda kwa ndani. Raba ya mshikio wa kushoto imelika mwishoni, kile kifuniko kidogo cha plastiki kinachoziba bomba hakipo, na ukingo wa chuma umetokeza, mviringo, wenye rangi ya gari. Upande wa kulia hauna kitu. Ukiweka picha hiyo kando ya lile duara la tumboni, huhitaji kuwa daktari.

Simu hiyo ilikuwa mfukoni mwake jioni ya kwanza, mbele ya tabibu. Aliitoa mara mbili kujibu ujumbe.

Kama kuna kitu kimoja ningependa kibadilike katika namna tunavyowapokea waendesha baiskeli, ni hicho: waombwe picha ya baiskeli. Siku hizi karibu kila mtu anayo, na inaeleza bila aibu wala usahaulifu. Usukani uliozunguka unasema mwili ulikutana na ncha. Alama kwenye pedali inaelekeza kwenye kifundo na goti. Usukani uliotoboka raba ni kipande cha bomba la chuma. Kwa watoto hasa, ambao wengi wa majeruhi wa tumbo walioandikwa kwa jeraha la namna hii ni wao, unaweza kukata ukuta wa tumbo kwa ndani huku ngozi ikibaki nzima.

Je, picha hiyo ingeuokoa wengu? Sijui, na nitajizuia kuahidi. Hata FAST ingefanywa jioni ile ingeweza kuwa safi kabisa, kwa sababu inatafuta damu iliyomwagika na hii ilikuwa bado imefungiwa chini ya gamba. Skani ya CT ingeuona mpasuko, ila huwezi kumpiga skani kila aliyechubuka kiwiko. Mionzi si maji ya kunywa. Lakini duara chini ya mbavu, au hata kauli tu kwamba "usukani ulinichoma tumbo", ingetosha kumfanya alale hospitali usiku mmoja au miwili, apapaswe tumbo tena na tena, apimwe wingi wa damu mara kwa mara. Gamba lingepasukia wodini, damu ikiwa tayari imeandaliwa, na labda pangekuwa na muda wa kumhamishia penye mtaalamu wa koili. Kama si hivyo, basi angalau asingeanguka peke yake akifunga viatu.

Kutazama na saa ya kutazama

Mama wa mlango alisema alitazama kioo. Wengi hawakumwamini. Mimi namwamini.

Alitazama alipokuwa anaegesha. Kisha akazima injini, akatafuta mkoba kiti cha nyuma, akachukua miwani, akavuta kitasa kwa mkono wa kulia, ulio karibu na mlango. Tuseme sekunde 20. Kwa kilomita 20 kwa saa, sekunde 20 ni mita 110. Alipotazama, baiskeli ilikuwa mbali, haikuonekana wala haikupaswa kuonekana. Kioo kilimwambia ukweli uliokwisha muda wake. Ni kosa lilelile la presha ya 124 kwa 78: kipimo sahihi cha saa moja baada ya kuumia kilichotumiwa kama jibu la siku tatu.

Kisheria hana pa kujificha. Mkataba wa Vienna wa usafiri wa barabarani wa mwaka 1968, kifungu cha 24, unakataza kufungua mlango wa gari kabla ya kuhakikisha hautamhatarisha mtumiaji mwingine wa barabara, na nchi nyingi zina kanuni ya namna hiyo. Cha manufaa zaidi ni mkono. Anayefungua kwa mkono wa mbali, yaani wa kushoto kwa dereva aliyeketi kulia, analazimika kuzungusha mabega, na kichwa kinafuata hadi macho yanaona nyuma kupitia dirishani, sekunde ileile mlango unapoachia. Waholanzi wamehusishwa na desturi hii kiasi kwamba imepewa jina lao, na Uingereza iliiingiza kwenye kanuni zake za barabara mwaka 2022, pamoja na kuwashauri waendesha baiskeli waache mita moja wanapopita magari yaliyoegeshwa.

Mita moja hiyo, kwa hesabu ya usukani tuliyoifanya juu, bado ni ndogo. Ukihesabu kutoka kwenye gurudumu, ncha yako iko sentimita 70 kutoka kwenye gari. Mimi ningeipima kutoka kwenye ncha, na lile gari la honi lisubiri.

Kuna jambo la mwisho la makaratasi. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD-10, mwendesha baiskeli aliyegongana na gari huwekwa V13, na aliyeanguka bila kugongana na chochote huwekwa V18. Sentensi ya "ameanguka na baiskeli" ilimpeleka V18. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria vifo milioni 1.19 vya barabarani kwa mwaka, na waendesha baiskeli ni asilimia 6 ya hao. Namba hizo zinatokana na vifo. Majeruhi wanaorudi nyumbani wakitembea wanahesabiwa kwa sentensi kama ile ya tabibu, na barabara hiyo, kwa rekodi zake, haijawahi kuwa na tatizo la milango.

Jamaa alitoka hospitali siku ya tisa. Siku ya 14 baada ya upasuaji alipata chanjo ambazo asiye na wengu anazihitaji: ya nimokokasi, ya meningokokasi na ya hemofilasi aina ya b. Alipewa kadi ya kubeba pochini inayosema hana wengu, na agizo ambalo mke wake alilirudia kwa sauti mara mbili ili alishike: homa yoyote, hata ya usiku wa manane, ni safari ya hospitali na si ya kusubiri kupambazuke, kwa kuwa maambukizi ambayo wengu huyachuja yanaweza kumshinda kwa saa chache. Akisafiri penye malaria, tahadhari ni mara mbili.

Faili lake la kwanza halikufutwa. Kumbukumbu ya matibabu haifutwi. Maneno "ameanguka na baiskeli" bado yapo. Chini yake, kwa tarehe mpya na kalamu nyingine, tabibu yuleyule ameongeza: "Ncha ya kushoto ya usukani ilinaswa na mlango wa gari lililoegeshwa, ikampiga chini ya mbavu za kushoto. Picha ya baiskeli imeambatishwa."